Maneno ya Nabe

Baba alisema: mwaka mzima?
Wenzako wanaingia chuo, wewe unaingia makaburini.
Alikuwa akichota tambi za soba kwa mchuzi wa ng'ombe
pale kibandani petu, soko la Campo Grande,
wala hakuinua macho.
Ng'ombe wa Brazili, tambi za kwao bibi.
Na mimi ndiye mchuzi, nilitaka kumjibu.
Nikanyamaza, nikafunga begi.

Okinawa ilinipokea kwa mvua ya Februari.
Mgeni siku mbili; ya tatu wakanipa shoka,
tukakata miwa hadi viganja vikatoka malengelenge,
na binamu Shunta, mwenye umri wangu na pua yangu,
akaniuliza kwa simu inayotafsiri
kama kwetu kuna nyoka.
Wapo, nikaiambia simu.
Simu ikafikiri, ikamwambia kitu kingine.
Alicheka mpaka akakaa chini.

Nilikuja na maneno arobaini na moja.
Nimeyahesabu. Yote ya bibi Nabe,
ambaye jina lake maana yake sufuria, na msicheke,
sufuria ndiyo iliyotulea.
Nikayatoa dukani, muuzaji akakunja uso.
Nikayatoa basini, watoto wa shule wakatazamana.
Ofisi ya kata, karani akaniomba radhi mara tatu
kwa Kijapani kilichopigwa pasi.
Nikadhani bibi alitudanganya,
alijitungia lugha jikoni
ili apate wa kusema naye.

Hadi siku ile ya paka.
Paka kilema, mvuani, kitoto chake kinywani,
anakihamisha, anarudi, anachukua kingine.
Nilidhani nasema moyoni, kumbe kwa sauti:
chimugurisan.

Nyuma yangu kisu kikaanguka.
Kame, mdogo wake bibi, miaka tisini na miwili,
alikuwa akikata karela.
Sema tena.
Nikasema tena.
Ini linauma, ndiyo maana yake,
maini yako yanakatika
kwa kisu kilichomchoma mwenzio.
Kijapani hakina neno hilo. Kireno hulizunguka
kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba gizani.

Akasema, na Shunta akatafsiri, simu tumeiweka kando:
hivyo ndivyo walivyotamka watu wa upande wa kisimani.
Kisima hakipo. Watu wa kisimani hawapo.
Shuleni tulivishwa kibao shingoni
kwa kosa la kusema hivyo.
Tukaacha.
Dada alipanda meli nalo.
Kisha akaokota kisu, akakifuta, akamalizia karela.

Aprili tukaenda kula na wafu.
Kaburi la ukoo limo ndani ya uzio,
kambi ya Wamarekani, kibali cha siku moja.
Getini askari kijana, chunusi kidevuni,
akakagua sufuria, akakagua wazee wanane na jamvi,
akageuza pasipoti yangu ya Brazili.
Na wewe?
Mimi wa hapa, nikasema.
Akaitazama tena pasipoti.
Hata mimi nikaitazama.

Kaburi lina mgongo wa kobe.
Kame anasema si kobe, ni tumbo la mama,
na mlango wake uko pale pale unapoujua.
Tukatandika jamvi mlangoni: nguruwe, mwani, vitumbua vya wali.
Ndege ya kivita ikapita chini kabisa,
hakuna aliyeacha kutafuna.
Nikamimina soba ya ng'ombe niliyoipika usiku
kwa kubahatisha, kwa kumbukumbu ya harufu.
Kame akaonja. Mbaya, akasema.
Akasogeza bakuli nimwongeze.

Nilimpigia baba. Kwake asubuhi, kwangu usiku.
Umekipata ulichokifuata?
Yamebaki thelathini na manane, nikamwambia.
Matatu, Kame anaapa,
yalikuwa Kireno tangu mwanzo.

Kimya. Simu za mbali huchelewa.
Kisha kicheko chake kikafika,
na nyuma yake nikasikia sufuria ikichemka.